Siku Niliyoshika Mkanda wa Domitila

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, kabla ya saa nne asubuhi, tulimpoteza Domitila. Alikuwa rafiki yangu tangu nilipofika Durban nikiwa msichana kutoka Uvira, Kongo, sina hata kitenge cha kubadilisha. Tulisuka pamoja kwenye saluni moja ya South Beach, tukazeeka pamoja, na sasa amenitangulia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Shule niliishia darasa la sita, na mambo mengi nayapitisha kimya. Lakini iko siku moja ya Domitila ambayo kila nikiikumbuka moyo unanidunda kama vile bado nakimbia. Nataka nikusimulie wewe, mwanangu, uliyezaliwa hapa hapa na hujui tulivyoanza.

Domitila alikuwa Mdagara. Utaniuliza, hao ni watu gani? Hata mimi niliuliza. Nilidhani kila mtu wa Afrika Magharibi ni Mnaijeria, na nilipomwambia hivyo alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Wadagara ni watu wachache, alinieleza, wanaokaa kandokando ya mto mmoja mkubwa, pale Burkina Faso inapopakana na Ghana. Wazungu walipokuja kugawana nchi, Wafaransa walichukua ng'ambo moja ya mto, Waingereza ng'ambo ya pili. Ndugu wa tumbo moja waliamka asubuhi mmoja ni wa Mfaransa, mwingine ni wa Mwingereza, na shamba la baba yao liko upande usio wao.

"Na mfalme wenu alikubali?" nilimuuliza.

"Mfalme gani? Sisi hatukuwa na mfalme. Kila nyumba na mkubwa wake."

Akanieleza jinsi mababu zake walivyojenga nyumba za udongo zenye kuta nene kama ngome. Hakukuwa na mlango wa chini. Unapanda juu ya dari kwa ngazi, unaingilia huko, na wakisikia wakamata watumwa wanakuja na farasi zao wanaivuta ngazi juu. "Halafu mishale," alisema huku vidole vyake vikiendelea kusuka, "mishale iko na sumu." Mteja aliyekuwa kwenye kiti akatulia kimya kabisa, hakujitikisa tena mpaka tulipomaliza kichwa chake.

Wadagara wa Durban miaka ile wangetosha teksi moja na viti vingebaki. Lakini nilipenda kuwaona wakikutana. Wa upande wa Wafaransa na wa upande wa Waingereza wanaanza kwa kuchanganya Kifaransa na Kiingereza, halafu mmoja anatupa neno la Kidagara, na papo hapo wote wanaruka ule mto kama vile haujawahi kuwepo.

Mume wa Domitila aliitwa Deri. Alifanya kazi bandarini, akifunga makontena kwenye meli. Alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, na bingwa wa kulalamika. Alilalamikia chai, mvua, nyanya, viatu vyake mwenyewe. Hata siku ya ubatizo wa binti yao, Vero, alilalamika kwamba furaha imekuja mapema mno na yeye hajanyoa. Tulimpenda sana.

Alhamisi moja Deri alikwenda kazini mzima. Kabla ya chakula cha mchana moyo wake ukasimama. Hakuna aliyemkosea na hakuna kilichomwangukia. Moyo ulisimama tu, akiwa miongoni mwa wenzake.

Domitila hakulia. Wanawake wa kanisa letu la Wakongo tulijaa kwenye chumba chake cha nyuma kule Umbilo, tukaimba, tukaomba, na yeye akapita katikati yetu akitugawia chai. Vero, ambaye alikuwa na miaka miwili, alimfuata ameshika pindo la sketi. Mama Esperansi, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alisema kwa sauti ili wote tusikie, "Muone ndugu zangu! Mwanamke wa imani! Hata chozi moja!" Nasi tukaitikia amina.

Mtu mmoja tu hakuitikia. Huyo ni Mzee Bayuo, mkubwa wa Wadagara wa hapa, fundi viatu mwembamba mwenye macho mekundu kidogo. Alikaa mlangoni akimtazama Domitila kwa hofu. Nilipompelekea chai alinikamata mkono.

"Wewe ndiye Sifa anayesuka naye?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwetu mjane asiyelia tunamwogopa. Huyu bado hajui kama mume wake amekufa."

"Anajua, Mzee. Ndiye aliyekwenda kumtambua."

"Ameambiwa na watu. Marimba haijamwambia."

Sikuelewa. Kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi nilidhani nimekosea kusikia. Lakini alisema vile vile. Kwao mtu akifa, marimba ndiyo inayotangaza. Anayeisikia kutoka shamba la mbali hujua papo hapo kama aliyekufa ni mwanamume au mwanamke, kwa jinsi inavyopigwa tu. Kabla haijalia, kifo ni habari tu. Ikilia, kinakuwa kifo kweli, na hapo watu wanaweza kuanza kulia.

Na marimba ilikuwepo! Mzee Bayuo alikuwa nayo kwenye fleti yake ya South Beach, ghorofa za juu kabisa. Alikuwa akiipiga Jumapili mchana huku ameifunika kwa blanketi ili majirani wasigonge ukuta. Ijumaa asubuhi tukaenda kuishusha.

Mwanangu, marimba ya Kidagara si kitu cha kubeba kwapani. Ni mbao nene zilizokaushwa kwa moshi, zimefungwa kwenye fremu iliyopinda, na chini ya kila ubao kinaning'inia kibuyu. Haikuingia kwenye lifti. Tuliishusha kwa ngazi, mimi na Mzee Bayuo mbele, na nyuma kijana mmoja muuza simu wa mtaa wa Point aliyeitwa Atanga. Huyu hakuwa Mdagara, alikuwa Mfrafra, kabila jingine la kaskazini ya Ghana. Ngazi zote alizishuka akitukana.

"Wadagara mmekwisha! Mzee mmoja, mjane mmoja, na mbao za kuchomea nyama! Mwaka ujao sisi tutarithi hata huo mto wenu!"

"Mla mbwa wewe," Mzee Bayuo akamjibu, "shika vizuri hicho kibuyu!"

"Bora mimi nakula. Nyinyi ni pombe tu. Deri kafa au kalewa? Mmemchungulia vizuri?"

Nilisimama pale pale kwenye ngazi. Nilitaka kumzaba kofi. Mtu amefiwa, nawe unaleta maneno kama hayo? Lakini Mzee Bayuo alikuwa akicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaniambia Wafrafra na Wadagara ni watani, na mtani asipotukana msibani ndipo watu wanakasirika. Baadaye Watanzania wa saluni ya jirani walinicheka nilipowasimulia. Walisema hata kwao watani hufanya hivyo hivyo, ila sisi wa Uvira ndio tumejifanya watu wa heshima.

Tulipofika Umbilo tukakuta hasara. Kila kibuyu kina matundu, na kila tundu linafunikwa kwa ule utando mweupe ambao buibui hufichia mayai yake ukutani, mwembamba kama karatasi ya sigara. Ubao ukigongwa, utando unatetemeka, na sauti inatoka ikivuma kama nyuki waliokasirishwa. Sasa nyingi za tando hizo zilikuwa zimechanika kwenye ngazi. Atanga akaleta mfuko wa plastiki na mkasi. Mzee Bayuo akautazama ule mfuko kama vile ameletewa panya.

"Deri nimtangaze kwa mfuko wa supamaketi?"

Basi tukaenda kuwinda buibui. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na gereji ya zamani iliyojaa makabati mabovu, na tuliingia humo na tochi, mimi ambaye hata leo nikiona buibui napanda juu ya kiti. Tulisogeza kabati, buibui mkubwa akanikimbilia, nikainua kandambili.

"Usimuue!" Mzee Bayuo alipiga kelele. "Huyo ni fundi mwenzangu!"

Tukabandua tando moja baada ya nyingine kwa kisu, polepole, bila kupumua. Domitila alikuja mlangoni akatuangalia. Nilimwona ananyoosha mkono, anachukua utando mmoja, anaupuliza vumbi. Halafu akauweka mahali pake juu ya tundu la kibuyu, kwa gundi ya viatu.

Utando wa mwisho ulipokwisha kubandikwa, Mzee Bayuo alitoa kwenye mfuko wake ukanda mrefu wa ngozi, laini, aliokuwa ameukata mwenyewe usiku.

"Nani atamshika?" aliuliza.

Kwao, mwanangu, aliyefiwa hufungwa. Mke hufungwa ukanda wa ngozi kiunoni. Ndugu hufungwa kamba ya nyuzi za mti. Mtoto hufungwa uzi mguuni. Ukiingia msibani unajua mara moja nani ameumia kiasi gani, hakuna haja ya kuuliza. Na kila aliyefungwa anakuwa na mtu wa kushika ncha ya pili na kumfuata siku nzima. Kwao huyo ni ndugu au mtu wa karibu sana. Hapa Durban Domitila hakuwa na ndugu hata mmoja. Watu wakatazamana. Domitila akaninyooshea kidevu.

"Sifa," alisema. Basi.

Mama Esperansi aliposikia aliruka juu. "Kamba? Mtu afungwe kamba kiunoni? Mtu si mbuzi! Sifa, ukishika huo mkanda Jumapili usikae karibu yangu!"

"Mama," alimjibu Mzee Bayuo kwa upole, "hata mapadri wa kwanza waliofika kwetu waliiogopa marimba. Leo inapigwa ndani ya misa. Kaa nasi kesho uangalie. Ukiona shetani, utuonyeshe."

Nami niliogopa. Sikumwogopa shetani, niliogopa watu wa kanisa letu, ambao ndio waliokuwa wamenipokea na kunilisha. Lakini ningemwambiaje Domitila hapana? Kidevu chake kilikuwa bado kimenielekea.

Jumamosi asubuhi jeneza likaletwa uani. Kwao marehemu huvishwa nguo nzuri akakalishwa mahali pa juu watu wamwone. Hapa haikuwezekana, kwa hiyo kando ya jeneza wakaweka kiti, na juu ya kiti koti la kazi la Deri na kofia yake ngumu ya bandarini. Mzee Bayuo akamfunga Domitila ule mkanda kiunoni, akanipa ncha. Vero nilimfunga mwenyewe mguuni uzi mweusi wa kusukia nywele, akachezea fundo lake akicheka.

Halafu marimba ikalia.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimezoea gitaa za kanisani, kinanda, ngoma. Hii ilitoka ardhini. Ile mivumo ilipanda kwenye nyayo zangu, ikapita tumboni, ikatokea masikioni. Madirisha ya jirani yakafunguliwa. Domitila alisimama wima. Akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa mtu. Mkanda ukakazika mkononi mwangu.

Nami nikafanya nilichofundishwa na wakubwa wangu wote. Nikauzungusha ule mkanda kwenye ngumi, nikamvuta, nikamkalisha kwenye benchi, nikamfuta machozi na kumwambia, "Basi, dada, basi. Nyamaza. Jikaze. Mungu yupo."

Marimba ikanyamaza. Watu wote wakanigeukia. Mzee Bayuo aliweka chini magongo yake ya kupigia.

"Binti, nani kakutuma umnyamazishe?"

"Namhurumia, Mzee."

"Unajihurumia wewe. Kilio chake kinakutisha." Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniuma. "Sikiliza. Huo mkanda si wa kumzuia asilie. Ni wa kumruhusu alie. Anajua uko nyuma yake, kwa hiyo anaweza kwenda mbali anakotaka. Ukimkalisha hivyo, Deri atamkaa kifuani mpaka amuue na yeye. Legeza mkono. Akienda, nenda. Akianguka, anguka. Una kazi moja tu, kwamba jioni awe amerudi."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilifungua ngumi. Domitila akanitazama, akautazama mkono wangu ulio wazi, na marimba ikaanza tena.

Akakimbia!

Akatoka getini kama risasi, nami nyuma. Nilipoteza kandambili moja kwenye ngazi za kutokea barabarani, ya pili nikaitupa. Umbilo Road siku ya Jumamosi unaijua, malori ya bandarini, teksi zinapiga honi, watu na mifuko ya soko. Domitila alikata katikati yao akiita jina la mume wake, na mimi nyuma yake nimeshika mkanda, kitenge kinanifunguka. Mlinzi wa duka la fanicha akatoka nje ameshika kiuno.

"Hhayibo, sisi!" akaniita dada kwa Kizulu. "Unamkamata kwa nini huyo mama?"

"Simkamati!" nilipiga kelele. "Namfuata!"

"Kwa kamba?"

Sikuwa na pumzi ya kumweleza. Mbele yetu robot, ile taa ya kuongoza magari, ilikuwa nyekundu kwa upande wetu, na lori lilikuwa linakuja. Nilitaka kuvuta mkanda. Mwanangu, mkono wangu wote ulitaka kuvuta! Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya Mama Esperansi.

"Simameni! Simameni kwa jina la Yesu! Msiba unapita!"

Alikuwa ametufuata mbio njia nzima pekupeku, viatu vyake vya kanisani mkono mmoja, kitambaa cha kichwa mkono wa pili. Akaingia katikati ya barabara akikipeperusha kitambaa kama bendera. Lori likasimama. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani.

"Eish, mama! Robot iko green!"

"Robot ni Mungu wako? Ngoja!"

Tukavuka. Domitila akaendelea mpaka pale barabara inapoinuka kidogo na unaona winchi za bandari zimesimama mbali. Hapo akasimama. Akaweka mikono mdomoni akaita, "Deri! Deri, toka huko! Chakula kimepoa!" Akangoja. Akaita tena. Winchi moja ilikuwa inageuka polepole na kontena la bluu.

Akaanguka, nami nikaanguka naye, nikachubuka goti.

"Sifa," alisema, "hatoki."

"Hatoki, dada."

"Kwa hiyo amekufa."

"Amekufa."

Hapo akalia. Nami nikalia, mimi ambaye nimekuambia silii mbele za watu. Sikumwambia nyamaza. Sikumwambia jikaze. Mama Esperansi alisimama juu yetu akatukinga jua kwa kitambaa chake.

Baada ya muda Domitila akajifuta vumbi, akasimama mwenyewe. "Twende," alisema. "Marimba inaningoja."

Tulirudi kwa mguu, mkanda umelegea kati yetu unaburuta chini. Tulipoingia uani tukamkuta Deri amekaa kitini! Mama Esperansi alipiga yowe, viatu vikamtoka mkononi. Alikuwa Atanga, amevaa koti la marehemu na kofia yake ngumu, amekunja uso, na sauti ilikuwa ya Deri kabisa.

"Hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria? Nimekufa tangu Alhamisi, hakuna aliyeniletea hata mto wa kukalia! Na wewe mke wangu, ulikuwa wapi? Naona umezurura Umbilo yote, unatafuta mume mwingine?"

Nilimwangalia Domitila nikaogopa atazimia. Akaangua kicheko. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akamwendea, akampiga kofia kwa kiganja, pa!

"Mwizi wewe! Vua koti la mume wangu!"

"Sivui mpaka nipewe kuku!"

Akapewa paja la kuku. Akaendelea kulalamika kwamba halina chumvi, kwamba kuku amekonda, kwamba Wadagara ni wachoyo hata ahera. Marimba ikaongeza kasi, watu wakaingia kati wakacheza, wa upande wa Wafaransa na wa Waingereza, Wakongo, Watanzania, hata yule mlinzi wa duka la fanicha ambaye alikuwa ametufuata aone mwisho wake. Niliona miguu ya Mama Esperansi inacheza. Baadaye alidai alikuwa anakung'uta vumbi. Mchana tukamzika Deri, na Jumapili yake Mama Esperansi alikuja kanisani akakaa karibu yangu, akanisukumia peremende.

Domitila aliishi, mwanangu. Hakuolewa tena, lakini aliishi kweli, akicheka, akigombana, akimlea Vero. Nami nilipofiwa na baba watoto, yeye ndiye aliyekuja na mkanda, na sikuhitaji kumweleza kitu.

Sasa amekwenda yeye. Mzee Bayuo alisharudi kwao zamani na marimba yake, Atanga yuko Ulaya, Mama Esperansi alifariki. Tumemzika Domitila kwa nyimbo za kanisa na kipaza sauti cha kukodi. Kabla jeneza halijafika nilimwita Vero jikoni, nikapiga magoti kwa shida, nikamfunga uzi mguuni.

"Tantine," aliniambia, kama anavyoniita mimi shangazi yake, "mimi niko sharp. Usiwe na wasiwasi."

Ni msichana mzuri, Vero. Alipokea watu, alilipia basi, alishika simu mbili kwa wakati mmoja. Nilimfuata siku nzima na uzi wangu, magoti yananilia, tayari kukimbia naye mpaka baharini kama angetaka. Hakwenda popote. Hakulia. Watu walimsifu kama tulivyomsifu mama yake, na mimi sikuitikia amina.

Basi wewe unayesoma haya, una rafiki, na iko siku rafiki yako atafiwa. Usiende kumwambia nyamaza. Usimwambie ajikaze, maana kujikaza anakujua tayari. Usimpe maneno mengi, hata ya Mungu, yakiwa ni ya kukuokoa wewe na kilio chake. Kaa mahali anapokuona. Akitaka kukimbia, kimbia naye, na ukiona mkono wako umekaza, ulegeze. Asipolia leo, usimlazimishe na usimsifu. Endelea kuwepo kesho, na keshokutwa, wale wa chai wakisharudi makwao. Na usione haya kujifunza jambo hili kwa watu wachache ambao hata kabila lao hukuwahi kulisikia. Mimi nilijifunza kwao kitu ambacho wakubwa wangu wengi walionipenda hawakuwa wamejua kunifundisha.

Mungu akupe mtu wa kwenda nyuma yako siku utakayokimbia. Akupe na mkono mwepesi siku utakayoshika wewe. Wafu wako wapumzike, na wewe uishi, ucheke sana, uzeeke.

Leo asubuhi nilikuwa nachoma mandazi simu ikaita. Alikuwa Vero. Alisema, "Tantine," akashindwa kuendelea, halafu akaanza kulia. Nikazima jiko, nikakaa chini sakafuni na simu sikioni. Alilia mpaka betri yangu ikaisha. Nikachomeka chaja, nikampigia. Akapokea, akaendelea kulia.